Juu ya Kuku, Nyuki, na Hesabu za Makarani



Zamani watumishi wawili wa Serikali walipokutana katika njia itokayo Nachingwea kwenda Ruangwa, waliulizana habari za nyumbani, kisha za kazi, kisha za uhamisho. Siku hizi twawasikia wakiulizana, "Matetea wako wameanza kutaga?" na "Mizinga yako imeingia nyuki?" Na kabla ya kuagana mmoja wao hutoa mfukoni chupa ndogo ya asali, nyeusi kama kahawa, akasema, "Hii ni ya mtoto." Sisi hatuna neno baya juu ya desturi hii. Sisi wenyewe twafuga. Lakini limeletwa shauri mbele ya chama chetu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Shauri lenyewe ni kwamba fedha za akiba za chama zikopeshwe kwa wanachama wanaokaribia kustaafu, wazitie pamoja na viinua mgongo vyao, wanunue matetea na mizinga kwa wingi, ili watakapotoka kazini wawe watu wenye mali. Karatasi iliyosomwa mkutanoni iliandikwa kwa mwandiko mzuri wa kikarani, safu zimenyooka, na jumla imepigiwa mistari miwili chini. Ilisema hivi: mtu akianza na matetea 10, kila mmoja akitotoa mara 3 kwa mwaka, vifaranga 12 kila mara, atapata vifaranga 360. Nusu yao wakiwa majike, mwaka wa pili atakuwa na matetea 190, nao watampa vifaranga 6,840. Mwaka wa tatu atakuwa na matetea 3,610, na vifaranga 129,960.

Tuliikagua hesabu hiyo mara mbili, nayo ni sahihi kabisa. Hatukuona kosa la kujumlisha wala la kuzidisha. Ila tulitafuta safu ya mwewe, hatukuiona. Safu ya kicheche haikuwamo. Safu ya mdondo haikuwamo, wala ya mgeni ajaye Jumapili bila taarifa, ambaye haiwezekani kupewa mchicha peke yake. Na kuku karibu laki moja na thelathini elfu, wakifunguliwa bandani asubuhi moja, sijui mwenye nao angewahesabu kwa kitabu gani. Bila shaka angehitaji masijala yake mwenyewe na karani wa pili.

Yafaa tuseme kwanza jinsi kuku wa kienyeji alivyo. Yeye hutaga mayai 12 au 15, kisha hufunga kazi. Huketi juu ya mayai yake siku 21, akimtazama mwenye nyumba kama mkaguzi wa hesabu amtazamavyo mtunza fedha. Baada ya kuangua hutembea na watoto wake wiki nyingi bila kufikiri habari ya kutaga tena. Kwa mwaka mzima mayai yake ni kama 40 hadi 60. Hakuna barua wala kumbusho litakalomfanya azidishe, maana hakuajiriwa.

Mwenzetu mmoja wa masijala, ambaye nyumba yake imepakana na ofisi yake, alikuwa na tetea mweusi mwenye shingo tupu, wale tuwaitao kishingo. Tetea huyo alikikataa kiota alichotengenezewa kwa majani makavu, akapita dirishani, akachagua trei ya majalada yangojayo majibu. Alitolewa siku ya kwanza, akatolewa na siku ya pili. Siku ya tatu yalikutwa mayai juu ya jalada lenye chapa ya "Haraka". Mwenzetu alipoulizwa na mkubwa wake, alijibu kwa adabu ya kuwa majalada ya trei ile hayajapata kusogea kwa muda wa siku 21, na ya kuwa akiachwa tetea huyu, baada ya siku 21 angalau kitu kimoja kitatoka humo. Mkubwa wake alicheka. Walakini kesho yake majalada yote yalikuwa yamejibiwa, na tetea akahamishiwa jikoni pamoja na mayai yake. Vifaranga tisa walitoka. Wawili walichukuliwa na mwewe katika wiki ya kwanza, mmoja alitumbukia katika beseni la kufulia, na mmoja alikanyagwa na mbuzi ambaye hata hakujua. Watano walikua. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya kuku, nayo si mbaya, lakini haizidishwi kwa mbili kila mwaka.

Jambo moja twapenda kuwaeleza wasomaji wanaodhani kwamba wakitoka ofisini na kwenda bandani wameviacha vyeo nyuma. Katika miaka ya 1920 mwanachuoni mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alikuwa akiwatazama kuku tangu utoto wake, aliandika kwamba kila kundi la kuku lina daraja zake: wa kwanza humdona wa pili, wa pili humdona wa tatu, na wa mwisho hudonwa na wote wala hana wa kumdona. Tena mwaka 2015 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba majogoo wakiwekwa pamoja, mwenye cheo kikubwa ndiye awikaye kwanza alfajiri, na wengine hufuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Tuliposoma habari hii tulimwonea huruma jogoo wetu mdogo, ambaye kwa muda mrefu tulidhani ni mvivu. Kumbe alikuwa akingoja zamu yake, kama sisi sote.

Lakini kuwika huko hakumfurahishi kila mtu. Jirani yetu, Bibi muuguzi, hutoka zamu ya usiku na kutaka kulala saa ambayo majogoo wetu wamekwisha kuamka wote kwa mpango wa vyeo. Alikuja barazani akasema, "Bwana, jogoo wako ananiamkia vizuri, ila mwambie shikamoo moja yatosha." Jogoo yule aliliwa sikukuu iliyofuata, na paja lake tulimpelekea Bibi muuguzi. Alilipokea kwa shukrani nyingi kuliko tulivyotazamia.

Sasa habari ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Haina kichekesho ndani yake. Kuku huanza kusinzia, hupinda shingo, huharisha kijani, na banda lenye kuku 30 Jumatatu laweza kubaki na watatu Jumapili. Dawa ya kuutibu hakuna. Kinga ipo: chanjo iitwayo I-2, ambayo haiharibiki upesi kwa joto kama chanjo za zamani, hutiwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichekesho kipo katika kutia hilo tone. Tumewaona watumishi wenye vyeo vyao, wamevua makoti, wakimfukuza tetea mmoja kuzunguka nyumba saa tisa ya mchana, watoto wa mtaa wakishangilia, na tetea akipita chini ya gari na kutokea upande wa pili bila hata kupandisha pumzi. Kuku hukamatwa usiku akiwa amelala, ama alfajiri kabla ya kufunguliwa. Kila mama wa kijijini alijua hilo, ila sisi hatukuuliza. Na kosa kubwa zaidi ni kwamba chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, nayo ikifunguliwa haiwekwi. Basi mtu huwatia kuku wake kumi, akaimwaga iliyobaki, na kuku wa jirani, wasiotiwa, hufa wote ndani ya mwezi ule. Jambo hili tutalirudia mwisho.

Tuje kwa nyuki. Kuku ukimpa pumba na mchwa hukutambua, akikuona hukukimbilia. Nyuki hakutambui hata ukimfuga miaka kumi. Wewe hutengeneza mzinga, wa gogo au wa gome ama wa mbao, ukaupaka nta ndani, ukautundika mtini, ukangoja. Nyuki wakipenda huja, na wasipopenda hawaji. Mwenzetu mmoja alitundika mizinga minne mizuri katika mikorosho, akangoja miezi mitano. Nyuki walikuja kweli, wakaipita mizinga yote minne, wakaingia darini katika nyumba ya Serikali aliyopewa kukaa. Alipeleka taarifa mahali panapohusika, kwamba darini mwake wamo wapangaji wasiolipa kodi, naye aomba waondolewe. Baada ya muda alijibiwa kwa barua, akitakiwa kuarifu idadi yao kamili.

Na hata wakiingia mzingani, si wako. Nyuki wetu wa Afrika wana tabia ya kuhama. Njaa ikizidi, au jua, au sisimizi, ama ukiwafungulia mara nyingi kuwatazama kama afanyavyo mfugaji mgeni, huondoka wote siku moja, bila barua ya uhamisho wala posho ya njiani. Tena hawa ndugu zetu wana sifa duniani. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika, akawapeleka kwao ili apate nyuki hodari wa joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalimtoroka. Wakazaliana na nyuki wa kule, wakaenea sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, wakavuka Meksiko, na mwaka 1990 wakaingia Marekani, wala hakuna mlinzi wa mpaka aliyewauliza hati ya kusafiria. Tujuavyo sisi, hakuna mtumishi aliyepata kuhama kutoka nchi hii akafika mbali vile na kuogopwa vile.

Desturi zao za ndani zatufaa kuzifikiri kwa kiasi. Malkia hutoka katika chumba chake siku ya 16 tangu yai, nyuki kibarua siku ya 21, na dume siku ya 24. Wasomaji wataona kwamba kibarua na kifaranga hutumia siku zilezile. Hatujui maana yake, ila ni rahisi kukumbuka. Dume hana mwiba, hachumi, hajengi. Hula tu na kungoja safari ya arusi. Chakula kikipungua mzingani, vibarua humsukuma nje mlangoni, akafia huko. Habari hii iliposomwa katika baraza letu, baadhi ya wanachama walinyamaza kwa muda.

Upande wetu huu wa kusini una elimu ya nyuki ya siku nyingi, nasi makarani tumeipita mbio tukikimbilia vitabu. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, Wayao wawindao asali humwita ndege mlembe kwa sauti yao maalumu, mtetemo wa midomo na mguno mfupi mwishoni, naye huwaongoza mti hata mti mpaka penye nyuki. Wataalamu walipopima jambo hilo, wakalitangaza mwaka 2016, waliona kwamba mwenye kuita kwa sauti ile huongozwa na ndege mara mbili ya yule anayetoa sauti nyingine tu. Ujira wa mlembe ni nta na watoto wa nyuki wanaobaki. Basi yuko ndege wa porini asiyejua kusoma, naye amefanya mapatano na binadamu na kuyatimiza, wakati sisi hatujaweza kupatana na jirani juu ya jogoo.

Tembo nao, ambao miaka hii wamewasumbua sana wakulima wa Nachingwea na jirani zake Liwale na Ruangwa, huwaogopa nyuki. Kule Kenya, mwaka 2007, Lucy King na wenzake walionyesha kwamba tembo wakisikia tu sauti ya nyuki waliokasirika huondoka, na tangu hapo yako mashamba yaliyozungushiwa mizinga mahali pa ua. Mnyama mwenye uzito wa magari matatu hukimbia, na karani mwenye suruali fupi huambiwa asimame asitikisike! Tena asile ndizi kabla ya kwenda mzingani, kwa maana nyuki achomapo huacha harufu ya kuwaita wenzake, nayo yafanana sana na ya ndizi mbivu. Sisi tulilisoma jambo hili jioni, na ndizi tulikuwa tumekula asubuhi.

Yuko pia nyegere. Huyu ndiye mnyama pekee tumjuaye aliyeunganisha miradi yote miwili bila kuomba mkopo. Asali huila, kuku huwala, na kwa usiku mmoja huweza kuuangusha mzinga na kulibomoa banda, akaenda zake mapema kuliko tufungavyo ofisi. Katika karatasi ya mkutano yeye naye hakuwa na safu.

Tumecheka vya kutosha. Sasa twapenda kueleza jambo ambalo halichekeshi.

Mwaka mmoja mzinga ulitundikwa katika mwembe nyuma ya nyumba, hatua kama 15 kutoka banda la kuku, na hatua 30 kutoka njia wapitayo watoto wa shule. Mwenye mzinga aliona ni vizuri kuwa karibu, ili autazame akiwa anakunywa chai. Miezi sita hapakuwa na neno. Kisha siku moja, saa saba ya mchana, jua kali, kijana wa nyumba alikuwa akifyeka majani chini ya mwembe, mpini wa fyekeo ukagonga tawi lililoshika mzinga. Nyuki walitoka. Kijana alikimbia akajitia ndani, akafunga mlango. Kuku walikuwa bandani, mlango umefungwa kwa sababu ya mwewe. Hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa 11, wakafa tisa. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa akirudi kutoka shule. Alipigwa kichwani, shingoni na mikononi, mara nyingi hata hawakuweza kuhesabu. Babu mmoja mpita njia alimfunika kwa kanzu yake, akamchukua mbio mpaka hospitali, naye mzee akachomwa vibaya. Mtoto alilala huko siku mbili. Alipona.

Mzinga ule ulikuwa wetu. Twaandika "sisi" kama ilivyo desturi ya kurasa hizi, lakini katika habari hii wasomaji wajue kwamba mkono ulioutundika ndio huu ulioshika kalamu.

Siku ya tatu mama wa mtoto alikuja. Tulikuwa tumejitayarisha kwa maneno mengi: kuomba radhi, kulipa gharama za hospitali, kutoa kuku wawili waliosalia. Aliyasikia yote hali amesimama, hakutaka kiti. Kisha akasema, "Baba, mimi sikuja kugombana. Mtoto amepona, namshukuru Mungu. Nimekuja kuuliza, huo mzinga utakaa wapi?" Katika maneno yote tuliyojitayarisha nayo, jibu la swali hilo halikuwamo. Tulikuwa bado hatujaamua kuuondoa. Twaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tuliipenda asali yetu, na mzinga ulikuwa umekaribia kuvunwa.

Usiku wa siku ile tulimwendea mzee mmoja wa upande wa Ruangwa, mrina asali tangu ujana wake, tukamwomba msaada. Alikuja na nguo kuukuu ya kuzibia mlango wa mzinga, na kamba, na mjukuu wake. Hakuleta kofia ya wavu. Waliushusha mzinga gizani polepole, bila taa wala maneno, wakauchukua mbali, ng'ambo ya bonde, mahali pasipopita watu wala kufungwa mbuzi. Aliporudi alikunywa maji akasema, "Wanangu, ninyi mmezoea kuviweka vitu karibu na meza. Nyuki na nyumba ya mtu havikai pamoja. Umtakaye ni jirani, basi nyuki umfuate aliko." Tulitaka kumlipa, alikataa fedha, akaomba tumwandikie barua ya mjukuu wake ya kuomba nafasi ya shule. Tuliiandika usiku uleule, nayo ilikuwa barua nzuri kuliko zote tulizoandika mwaka ule.

Tangu hapo, kuuona mzinga wetu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Twaenda Jumamosi, na mara nyingi hatuufungui. Twakaa mbali chini ya mti tukawatazama wakiingia na kutoka. Mavuno ya mwaka wa kwanza yalikuwa lita tatu, na lita moja tuliipeleka kwa mama wa mtoto. Aliipokea. Mtoto mwenyewe alikataa kuionja, wala hatukumlaumu.

Turudi kwa shauri lililo mbele ya chama. Sisi twalipinga, na sababu yetu si kwamba kuku na nyuki ni vitu duni. Twalipinga kwa sababu ya ukubwa wake. Wenyeji wa Nachingwea, kuliko watu wote, wana haki ya kuiogopa karatasi yenye jumla nzuri. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga, kwa nia ya kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Walianzia Kongwa, ambako matingatinga yalipoisukuma mibuyu, nyuki waliokaa ndani yake walitoka, na baadhi ya madereva walipelekwa hospitali. Nyuki hawakuwamo katika hesabu, wala udongo mgumu, wala ukame. Nachingwea nayo ikasafishwa, na reli ikajengwa kutoka pwani kuchukua karanga. Mwezi Januari mwaka 1951 mpango ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda. Reli ikafungwa mwaka 1962, bila kupata kuona karanga ilizojengewa. Wale walikuwa na serikali nzima nyuma yao, nayo iliweza kuubeba msiba ule. Mwanachama wetu anayestaafu ana kiinua mgongo kimoja tu, na hicho hakirudiwi.

Tumewaona waliofanya hivyo. Mtu aliyetumika miaka 30, asiyepata kufuga hata kuku mmoja kwa kuwa alikuwa akihamishwa kila mara, hununua kuku 500 katika mwezi wa kwanza wa kustaafu. Mwezi wa nne mdondo huja. Hapo ndipo mkewe humwuliza swali ambalo hakuna karani awezaye kulijibu, naye huketi barazani akitazama banda tupu lililoezekwa kwa mabati mapya. Mtu aliyepoteza matetea kumi husimulia habari hiyo kwa kucheka, na mwezi ujao huanza tena na watatu. Aliyepoteza 500 za mkopo hasimulii, na hukwepa njia ya sokoni.

Kwa hiyo twasema: mwanachama afuge angali kazini, matetea watano au kumi, na mzinga mmoja au miwili mbali na watu, kwa furaha yake na kwa mboga ya watoto. Ajifunze kupoteza kidogo kidogo. Akiisha kuyajua mambo ya mwewe, mdondo, nyegere na jirani, na akiona moyo wake ungali unapenda, ataongeza mwenyewe pasipo kukopa. Na fedha za chama, mahali pa kukopeshwa kwa watu wachache, zinunue vitu ambavyo mtu mmoja havimfai kununua peke yake. Chupa za chanjo ndizo za kwanza, ziletwe kwa siku moja iliyotangazwa, kila mwezi wa nne, kuku wa wanachama na wa majirani zao watiwe pamoja alfajiri ile, kwa maana ugonjwa hauulizi kadi ya uanachama. Kisha zinunuliwe kofia mbili za wavu na nguo zake, ziwekwe kwa karani wa chama, ziazimwe kwa kutia saini.

Bomba la moshi chama tunalo moja tayari. Kitabu chaonyesha kwamba liliazimwa na mwanachama wa Ruangwa kabla ya mvua za masika, kwa siku tatu. Mikorosho sasa inachanua na mavuno ya asali yakaribia. Twamwomba mwanachama huyo alirudishe, hata kama, kama tulivyosikia, amekuwa akilitumia kufukuzia mbu.